Dume wa Idi 2022: kisa chote kuanzia Garsen mpaka ufuoni Amu

Nimekaa na hiki kisa muda mrefu nikiogopa kukiandika manake wale wenzangu sita tulioshirikiana tunaonana kila siku msikitini, lakini kila Idi ya mfunguo tatu ikikaribia watu wanaanza kuchanga na naona tunataka kurudia yaleyale, kwa hivo wacha nikieleze chote, na pale nilipokosea mimi nitapataja kwa sababu mimi ndo nilikua nashika pesa.

Kwa asiyejua mambo ya huku, ng'ombe mmoja hutosha watu saba kwa udhuhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi, mbuzi ni wa mtu mmoja. Kisiwani hapa Amu, yaani Lamu, malisho ya ng'ombe ni haba, mnyama tuliye naye kwa wingi ni punda, kwa hivo ng'ombe wa kuchinjwa wengi wanatoka bara, Witu, Garsen na kule Tana Delta kwa Waorma na Wawardei, wanakuja kwa lori mpaka Mokowe halafu wanavushwa kwa boti. Hiyo safari ndo kisa chenyewe. Kisu hakikua na tatizo lolote, kisu kilikua kikali na mchinjaji anajua kazi yake, na nimechoka kusikia watu wakijadili kisu peke yake kana kwamba mnyama anazaliwa palepale kisu kilipo.

Tulikua saba: ami yangu, maalim mmoja, fundi wa majahazi, mwenye duka la nafaka Langoni, mwenzetu mmoja wa boti, mwalimu mwenzangu wa shule na mimi. Kila mtu shilingi 9,000, jumla 63,000. Masharti tuliyompa yule mwenzetu wa boti aliyekwenda Garsen kutununulia ni yale ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua, ng'ombe awe amemaliza miaka miwili, asiwe chongo, asiwe mgonjwa, asiwe kiguru, asiwe amekonda mpaka mifupa haina uboho. Maalim aliyarudia mara mbili kwa simu. Sikumbuki mtu yeyote, mimi nikiwemo, akiuliza atakuja vipi.

Hilo sharti la mwisho ndo lilikua gumu mwaka ule. Mvua ilikua imekataa misimu minne mfululizo na ikaja kukataa wa tano, na mpaka ukame ule unakwisha Kenya ilikua imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kule Tana ng'ombe walikua mbavu tupu, wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe anajua kesho atakua mzoga. Sasa sisi tunataka mnene. Alipatikana, dume mweupe wa Kiorma, nundu imesimama, 56,000, na mwenzetu akatutumia picha na sote tukaandika mashallah. Baadae ndo nikajua habari ya mwenye ng'ombe. Mzee yule alikua na ng'ombe arubaini, wamebaki kumi na moja, na huyu dume ndo ilikua mbegu ya zizi lake, alikua akimpa yeye kwanza kila majani aliyoyapata. Alimuuza ili anunue majani ya kuwalisha waliobaki na alipe deni la dukani. Nikiwa mkweli, sisi tulifurahia unene bila kujiuliza katika ukame ule unene ulitoka wapi, na naona hilo peke yake lingetosha kuandikiwa kisa kingine. Lakini simlaumu mzee na sijilaumu kwa kununua, pesa ile ilimsaidia na yeye mwenyewe ndo alitaka kuuza.

Mzee alisema kitu kimoja wakati wa kumkabidhi. Alisema huyu hajapanda gari maisha yake, mpeni maji kwanza na msimchanganye na ng'ombe wa watu. Mwenzetu aliyasikia kwa masikio yake, na ni yeye mwenyewe aliyenieleza wiki mbili baadae huku anaangalia chini. Lakini dalali alikua na haraka, lori linataka kuwahi msafara, manake barabara ya Garsen kuja Lamu siku hizo magari yanakusanyika pale Gamba yasindikizwe na polisi kwa sababu ya usalama na ukikosa msafara umelala. Bas akapandishwa, na maji hakunywa. Akachanganywa na wengine kumi wasiomjua, kwenye Kanta, sakafu ya bati bila mchanga wala majani.

Wakawahi Gamba, na pale Gamba wakangojea masaa manne. Julai si mwezi wa joto kali huku, kusi inavuma, lakini ng'ombe kumi na mmoja ndani ya gari lililosimama wanatiana joto wenyewe kwa wenyewe, wanakojoa, wanakunya, bati linateleza kama limemwagiwa mafuta. Madume wasiojuana wakaanza kusukumana. Wetu akateleza akaanguka na wenzake hawana pa kukanyaga isipokua juu yake. Turniboi alijaribu kumwinua kwa fimbo kupitia mapengo ya mbao, ndo njia anayoijua, na kama umewahi kuona lori la ng'ombe linapita Malindi au Mombasa unajua ile fimbo nazungumzia gani. Msafara ukaruhusiwa, wakaondoka na yeye bado yuko chini.

Mimi nilikua Mokowe jeti nikingojea na kamba mkononi. Lori likafika karibu na magharibi. Wale wengine walishuka, wetu hakutoka. Nilipanda nikamwona amelala kwa ubavu, ulimi nje, jicho limefunguka lakini halifuati kitu. Vijana wakamshika mkia wakaukunja, na mimi nikavuta kamba, nasema wazi kwamba nilivuta. Akasimama kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikua haugusi chini kabisa, umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Na hapa ndo nilisema lile neno. Nikasema, "Ameteguka."

Mtu aliyeteguka hukandwa akapona. Aliyevunjika, kama ni ng'ombe wa kilo mia tatu, habari yake imekwisha. Sote pale jeti tulikua tumeona mifupa, fundi wa majahazi alikua pembeni yangu na yeye kazi yake ni kujua kitu kilichovunjika na kilichopinda tu, lakini nilipolitoa lile neno kila mtu alilichukua na kulishikilia. Nikapiga simu Amu nikasema ameteguka. Ami akasema kama ameteguka mvusheni, atapumzika kesho, Idi ni kesho kutwa. Maalim akauliza, "Anakanyaga?" Nikamwambia kidogo. Huo ulikua uongo. Sikukusudia kumdanganya maalim, nilikua najidanganya mimi kwanza, lakini uongo ni uongo.

Jioni ile kulikua na njia tatu na nimezipitia kichwani mara nyingi. Ya kwanza ni kumchinja palepale Mokowe usiku ule, iwe sadaka tu, udhuhiya haipatikani kabla ya swala ya Idi, tungepoteza 63,000 kama ibada lakini mnyama angepumzika na nyama ingeliwa na watu wa Mokowe na wa Hindi, mji jirani. Ya pili ni kumwita daktari wa mifugo aamue yeye, na namba yake nilikua nayo. Ya tatu ni kuvuka naye asubuhi na kutumaini. Tulichukua ya tatu, na sababu haikua ujinga. Ilikua haya. Nani atawapigia simu watu sita, wengine wao hiyo 9,000 wameikopa, awaambie Idi yao imevunjikia njiani? Tulimtwisha mnyama maumivu ya usiku mzima ili sisi tusipige simu moja ya aibu. Nimejaribu kutafuta maneno mengine ya kuielezea, sijayapata.

Usiku ule tulimpa maji. Alikunywa ndoo tatu bila kuinua kichwa.

Asubuhi boti iliyokubali kumvusha ni moja, akafungwa miguu akalazwa, upande wa Amu akateremshwa kwenye maji ya magotini akashindwa kabisa kutembea, vijana wakamburuta mpaka mchangani. Ilikua siku ya Arafa, watu wengi wamefunga, watoto wametoka kuangalia ng'ombe wa Idi. Daktari wa mifugo alifika, hakukaa hata dakika tano. Alipapasa mguu akasema huu umevunjika tangu jana, mchinjeni sasa hivi. Maalim aliangalia mguu halafu akaniangalia mimi, hakusema neno. Baada ya pumzi mbili tatu akasema udhuhiya hakuna hapa, kiguru wa wazi hafai na siku yenyewe haijafika, lakini ni halali, chinjeni iwe sadaka. Na yeye fungu lake lilikua humo humo.

Sasa nyama. Ilikua nyeusi. Nyekundu iliyoiva sana sisemi, nasema nyeusi kama ini, inanata mkononi. Muuza nyama mmoja wa miaka mingi alivyoiona akasema hii ni nyama ya mnyama aliyechoka, itawahi kuharibika. Nikaja kusoma kwanini na ni jambo linalojulikana vizuri. Mnyama aliyepumzika ana akiba ya sukari kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, akishachinjwa ile akiba inageuka asidi, pH ya nyama, kipimo ambacho kikishuka ndo asidi imezidi, inashuka kutoka 7 hivi mpaka karibu 5.5, na asidi hiyo ndo inafanya nyama iwe nyekundu na izuie bakteria. Mnyama aliyehangaika masaa mengi, kiu, woga, kusukumana, ile akiba ameimaliza akiwa hai. Hakuna asidi ya kutengenezwa. Nyama inabaki juu ya pH 6, nyeusi, kavu kwa juu, inaoza haraka. Kwa hivo mateso ya mnyama yanaonekana kwa macho, yanaingia kwenye chungu chako. Sisi watu wengi walikua wamefunga, nyama haikuliwa mpaka jioni, friji chache, na asubuhi ya Idi sehemu kubwa ilikua inanuka. Tulizika. Mnyama wa mzee yule, mbegu ya zizi lake, tumezika karibu nusu yake.

Nyumbani bibi yangu alisikia kisa kizima kutoka kwa wanawake wenzake kabla mimi sijafika. Hakuniuliza habari ya pesa wala ya mguu. Aliniuliza, "Njiani alipawa maji?" Nikanyamaza. Akaendelea kuchambua mchele. Huyu ni mtu ambaye hatukumuuliza chochote katika mpango wote ule, manake mambo ya ng'ombe ni ya wanaume, na swali lake moja ndo lilikosekana kwenye simu zetu zote.

Baada ya Idi nikakaa na daftari nikapiga hesabu ya zile 7,000 zilizobaki baada ya bei ya ng'ombe. Lori 3,500. Kibali na ushuru 500. Vijana wa kupakia na kuteremsha 800. Boti 1,500. Mchinjaji 700. Inakamilika, hakuna senti iliyopotea, mimi ni mweka hesabu mzuri. Maji na majani ya njiani, hakuna hata mstari wake. Ng'ombe mkubwa kwenye joto anataka lita 30 mpaka 50 kwa siku. Mitungi ya maji, robota moja la majani na gunia mbili za mchanga wa kumwaga sakafuni, nilikuja kuuliza bei, ilikua kama shilingi 300. Gawanya kwa saba, ni shilingi 43 kila mtu. Hakuna hata mmoja wetu angekataa kutoa 43. Tatizo halikua umaskini wala ubahili, ni kwamba hakukua na mtu ambaye hiyo ilikua kazi yake. Mwenye ng'ombe ameshauza, dalali amelipwa, dereva analipwa kwa kichwa si kwa hali ya kichwa, mnunuzi yuko ng'ambo ya maji anangojea picha. Ng'ombe kwa siku mbili alikua hana mwenyewe.

Sheria ipo. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu ni kosa la wazi humo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo tangu 2005 lina kanuni za kusafirisha mifugo kwa nchi kavu, na moja ni nyepesi hata mtoto anaielewa, mnyama asiyeweza kusimama mwenyewe na kukanyagia miguu yote asisafirishwe, aamuliwe hapohapo alipo. Kwa kanuni hiyo safari yetu ilitakiwa kuishia Gamba. Na sisi kibali tulikua nacho, kimegongwa muhuri, lakini kibali kinataka kujua kama ng'ombe ana ugonjwa wa midomo na kwato au homa ya mapafu, yaani kama ataleta madhara kwa ng'ombe wengine. Kwamba ana kiu hakimuulizi mtu.

Na dini ndo kabisa hatuna pa kujificha. Tumefundishwa tukiwa wadogo habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tumefundishwa ngamia aliyelia mbele ya Mtume kwa kushindishwa njaa na kuchoshwa. Tumefundishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama na kutomchinja mbele ya mwenzake. Hayo ya kisu tumeyashika vizuri sana, wallahi tumeyashika, na hayo ya paka na ngamia tunawasimulia watoto yakiwa hadithi za usiku. Nilimwambia maalim hivo, akajibu kwamba ihsani, yaani kumtendea mnyama wema, haianzi pale kwenye kamba ya kuchinjia, inaanza pale mnyama alipoingia katika milki yako, na milki yako ilianza Garsen ulipotuma pesa. Toka siku hiyo sijasikia fatwa iliyonichoma zaidi.

Ami yangu haoni hivo na yeye nampenda na ni mtu wa haki kwa hivo hoja yake naiweka hapa yote. Anasema ng'ombe ni ng'ombe, angebaki kule Tana angekufa kwa njaa polepole wiki tatu, na hiyo ni mateso makubwa kuliko lori la siku moja, na mzee yule angekosa 56,000. Anasema pia watu wanaojua mateso ya njaa hawapangi mstari wa maji ya ng'ombe kwenye bajeti. Nimeifikiria sana. Sehemu ya kwanza ni kweli, ukame ulikua ukiwaua kwa maelfu. Lakini ukame hauna mkono. Ile kamba ilikua na mkono na mkono ulikua wangu. Na sehemu ya pili si kweli, kwa sababu yule mzee wa Kiorma njaa anaijua kuliko sisi sote na ndiye peke yake aliyesema mpeni maji kwanza.

Kuna mwanafunzi wangu wa fomu four aliuliza kama basi si bora tuache nyama kabisa. Alikua amesoma kwamba ng'ombe wanacheua gesi ya methani, ambayo kwa miaka 100 inatia joto duniani kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, na kwamba FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 ilikadiria mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi zote za joto zinazotoka kwa shughuli za binadamu, na hesabu yao ya 2023 ikasema kama asilimia 12. Ni kweli na si dogo. Nilimjibu vile naamini. Ng'ombe wa Tana anakula majani mahali ambapo mahindi hayaoti bila mto, anatoa maziwa miaka yote, watoto wa kule wamekulia maziwa hayo, kumwambia Muorma aache ng'ombe ni kumwambia aache kuwa yeye. Walakini si kusema hakuna gharama, ng'ombe wakizidi na majani yakipungua wanaingia mashambani, na 2012 ugomvi wa Wapokomo na Waorma ulioanzia kwenye malisho na maji uliua watu zaidi ya 100 pale Tana Delta, hapa kwetu Witu na Hindi wakulima na wafugaji wanavutana kila kiangazi. Mimi binafsi nimepunguza. Sisi watu wa Amu samaki tunao, nyama ya ng'ombe ya kila wiki sioni haja yake. Lakini ya Idi siachi, na nikisema siachi bas nina deni la kujua imefikaje.

Kitu kingine kinachonikosesha usingizi ni kwamba safari yetu ilikua ndogo. Kilomita zaidi ya mia kidogo na mfereji wa maji. Mwezi mmoja kabla ya Idi ile, Juni 2022, meli inaitwa Badr 1 ilizama palepale bandarini Suakin, Sudan, imepakia kondoo zaidi ya 15,000 wa kupelekwa Saudia, wakati uwezo wake ulitajwa kuwa 9,000. Mabaharia wote waliokolewa. Kondoo waliookolewa walikua kama 700. Habari ile niliisoma nikasema masikini halafu nikaendelea na kukusanya pesa za ng'ombe, sikuona kama inanihusu. New Zealand iliacha kusafirisha mifugo hai kwa bahari mwaka 2023 na Australia imepitisha sheria kwamba kondoo hai mwisho ni Mei 2028. Sisi bandari yetu ya Lamu ilianza kazi Mei 2021 na maneno ya kupitisha mifugo hai kwenda Ghuba hayakauki. Mimi sipingi bandari, vijana wetu wanataka kazi. Nasema tu kama ng'ombe mmoja wa watu saba wanaojuana ametushinda kumfikisha salama kutoka Garsen, hao wa meli nani atawauliza kama wamekunywa? Nchi ingepata zaidi ikichinja hapahapa na kusafirisha nyama, ngozi ikabaki kwetu, kazi ya machinjio ikabaki kwetu, na mnyama akatembea kidogo.

Hiyo ndo tulijaribu sisi wenyewe 2023, kwa kiasi chetu. Tuliwaita watu nikasimama nikasema kilichotokea pale jeti, pamoja na lile neno la kuteguka, maalim alikua amekaa mbele. Watano walikubali mpango mpya, ami na mwenye duka wakakataa na badala yao tukapata wawili wengine. Tulinunua karibu zaidi, upande wa Witu, ng'ombe akatembezwa kwa miguu jioni mpaka pahali pa kuchinjia panapokaguliwa, akalala usiku na maji na majani, peke yake, na mimi na mwenzetu wa boti tulilala huko. Asubuhi baada ya swala akachinjwa, mtu wa afya akakagua, na nyama ikaja Mokowe kwenye kasha maalum la nyama. Hapo tulikua na ujinga wetu, mwanzo tulitaka kutumia makasha ya barafu ya wavuvi, yako tele Amu na barafu yake, lakini afisa alikataa, la samaki ni la samaki, kwa hivo tukakodi kasha la nyama lenye bati safi ndani na barafu tukanunua kwa watu wa samaki. Saa saba mchana nyama ilikua Amu. Nyekundu. Mwenzetu wa boti alifungua kasha pale jeti akaita watu waione rangi.

Malalamiko yapo na mengine yana haki. Wazee wanasema watoto hawaoni tena mnyama, hawajui Idi ni nini, inakua nyama ya dukani tu, na ni sunna mtu kuhudhuria mnyama wake akichinjwa. Ami alisema hilo kwa uchungu na sikua na jibu zuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza kumheshimu mnyama kwa kushika miguu yake nikiwa na miaka saba kwenye uwanja wa nyumba yetu. Mwaka uliofuata tulipeleka watoto sita Witu kulala na sisi, wakampa ng'ombe maji kwa ndoo wakati wa alasiri na tena usiku, mmoja akalia asubuhi na hatukumkataza. Bado gharama imepanda, usafiri wa watu na kukodi kasha, fungu limefika 11,000 na kuna mtu mmoja lilimshinda tukamchangia.

Yule mzee nilimtafuta. Nilikwenda Garsen nikamweleza vile dume wake alivyokufa manake niliona si haki ajue kwa watu wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli tulimpa maji Mokowe, nikasema ndoo tatu, akatikisa kichwa halafu akanionyesha mitamba wawili wa dume yule waliopona ukame. Hataki kuuza kwa madalali wa lori tena ikiwa sisi tunaweza kuchukua kwa miguu, ila kutoka kwake mpaka Witu ni mbali na ng'ombe atafika amechoka, kwa hivo kwa sasa hatujafanya naye kazi.

Kinachotusumbua hivi sasa ni mahali. Witu kuna umbali wake na usiku barabara haitabiriki, tungependa kuchinjia karibu na jeti, upande wa Mokowe au Hindi, mahali penye kivuli, maji ya bomba na mkaguzi anayekubali kuja asubuhi ya Idi. Tumeshafika kumi na wanne, yaani ng'ombe wawili, na mstari wa maji na majani tumeuweka 600.